Zana ya Kuunda Folda: Namna ya Kuiandikia Maelezo kwa Wakala wa Akili Mnemba

Somo letu safari hii ni juu ya kazi ndogo kabisa ya kompyuta, nayo ni kuunda folda. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza huijua kazi hii tangu juma lake la kwanza katika chumba cha kompyuta. Hubofya, huandika jina, na folda ipo. Basi, kwa nini tuifanyie somo zima?

Sababu ni kwamba siku hizi si watu peke yao waundao folda. Iko programu iitwayo wakala wa akili mnemba. Wakala hupewa kazi na mtu kwa maneno ya kawaida, naye huifanya hatua kwa hatua: huunda folda, husoma mafaili, huyahamisha na kuandika mapya. Wengi katika wanafunzi wetu wa zamani ni makarani, wahasibu, waalimu na watunza kumbukumbu, na baadhi yao wamekwisha kuanza kuwatumia mawakala hawa ofisini. Ninyi mlio madarasani huenda siku moja mkaambiwa, "Tuandikie zana ya wakala wetu." Siku hiyo mtajua kwamba kuandika programu yenyewe ni kazi ya dakika chache, lakini kuiandikia maelezo yake ndiyo kazi yenyewe.

Neno nitakalo kulithibitisha ni hili: maelezo ya zana ni ahadi, na ahadi ni deni. Mahali maelezo yanaponyamaza, wakala hujaza kwa kubuni, na hasara humwangukia mwenye mafaili.

1. MANENO TUTAKAYOYATUMIA

Folda ni mahali pa kuwekea mafaili ndani ya kompyuta, kama jalada ndani ya kabati la ofisi. Vitabu vingine huiita saraka. Folda yaweza kuwa na folda nyingine ndani yake.

Njia ni anwani ya folda au faili. Kwa mfano:

/kazi/shule/matokeo/2026

Maana yake: anza mwanzo kabisa, ingia kazi, kisha shule, kisha matokeo, hata ufike 2026. Katika mfano huu matokeo ni folda ya juu, au folda mama, ya 2026.

Zana ni kazi moja ambayo programu imemruhusu wakala kuiagiza. Zana moja husoma faili, nyingine huandika, na hii yetu huunda folda.

2. AMRI YA ZAMANI NA KITABU CHAKE

Kuunda folda kwa amri ya maneno si jambo geni. Katika maabara ya Bell Labs, huko New Jersey, Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie pamoja na wenzao walitunga mfumo wa kompyuta uitwao Unix. Chapa ya kwanza ya kitabu cha maelezo ya mfumo ule ina tarehe ya 3 Novemba 1971, na amri ya mkdir imo. Amri hii ingali yatumika hata leo katika kompyuta nyingi za dunia.

Kitabu kile kinatufundisha jambo. Kila amri ilipewa ukurasa wake kwa mpango mmoja: jina la amri, jinsi ya kuiandika, kazi yake, na mwishoni sehemu ya kutaja kasoro zake. Waandishi wale hawakuona haya kuzitaja kasoro za kazi ya mikono yao. Walijua kwamba msomaji hupata hasara zaidi kwa kosa lililofichwa kuliko kwa kosa lililoandikwa.

Tutazame tabia ya mkdir. Ukiandika

mkdir matokeo

na kila kitu kikawa sawa, amri haisemi neno. Kimya chake ndicho kibali. Kama matokeo ipo tayari, itakataa na kulalamika kwamba kitu hicho kipo. Ukiandika

mkdir matokeo/2026/muhula-1

na folda ya 2026 haijakuwapo, itakataa pia, maana haiwezi kuweka mtoto mahali pasipo na mama. Ukiiongezea alama ya -p, yaani

mkdir -p matokeo/2026/muhula-1

itaunda folda zote zinazokosekana katika njia hiyo, na haitalalamika kama folda ziko tayari.

Angalieni basi: jina la kazi ni moja, "kuunda folda", lakini tabia ni mbili. Moja ni kali na nyingine ni pole. Mtu aliyekaa mbele ya kompyuta hasumbuki sana kwa jambo hili, kwa sababu akipata shaka hutazama kwa macho yake. Wakala je?

3. JINSI WAKALA AFANYAVYO KAZI

Mwezi wa Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitangaza kanuni iitwayo Model Context Protocol. Kanuni hii ni mapatano ya jinsi programu itakavyomjulisha wakala zana ilizo nazo. Miongoni mwa programu za mfano za kanuni ile imo moja ya kushughulikia mafaili, na ndani yake imo zana iitwayo create_directory, ambayo kazi yake ni kuunda folda.

Zana humfikia wakala ikiwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni jina. Ya pili ni maelezo, yaani maneno machache ya kusema zana yafanya nini. Ya tatu ni orodha ya vitu vya kujazwa, kama fomu ya posta. Fomu ya zana yetu ina nafasi moja tu, njia, ambayo katika programu ile huitwa path.

Wakala akisha kusoma hayo, huandika ombi:

create_directory
path: /kazi/shule/matokeo/2026

Programu hulipokea ombi, huitekeleza kazi, kisha humrudishia wakala jibu kwa maandishi. Wakala husoma jibu na kuamua hatua ya pili.

Fikirini karani aliyefungiwa ndani ya chumba kisicho na dirisha. Mlangoni pana tundu la kupitishia karatasi. Nje yupo mtunza ghala. Karani hupitisha karatasi, "Niwekee jalada mahali fulani," na mtunza ghala hurudisha karatasi yenye jibu. Karani huyu hajaliona ghala hata siku moja. Yote ayajuayo juu ya ghala ameyasoma katika karatasi. Akipewa karatasi ya uongo, ataendelea na kazi juu ya uongo huo, tena kwa bidii.

Ndiyo hali ya wakala. Kwake maelezo na majibu ndiyo macho.

4. HASARA ILIYOMPATA MTU MMOJA

Mwezi wa Julai 2025 mtu mmoja aliyekuwa akitumia kompyuta ya Windows alisimulia hadharani mkasa wake. Alikuwa akimjaribu wakala wa kuandika programu, akamwomba ayahamishe mafaili ya majaribio yake, yaingie katika folda mpya. Wakala akatoa amri ya kuunda folda ile. Kwa maelezo ya mtu yule, folda haikuundwa, lakini wakala aliichukua amri kuwa imefaulu. Hakutazama. Akaanza kuhamisha faili moja baada ya jingine kwenda katika folda isiyokuwapo. Alipokuja kuyatafuta mafaili, hakuyaona, na mwishowe wakala mwenyewe alikiri kwamba ameiharibu kazi.

Mafaili yapoteaje kwa sababu ya folda tu? Sikilizeni, maana jambo hili lawahusu hata ninyi mtumiao kompyuta bila wakala ye yote.

Amri ya kuhamisha faili ina maana mbili. Ukisema, "Hamisha barua kwenda Mpya," na Mpya ni folda, barua itaingia ndani yake. Lakini kama hakuna folda iitwayo Mpya, kompyuta hudhani kwamba wataka kulibadilisha faili lako jina, liitwe Mpya. Hulibadilisha. Sasa hamisha faili la pili kwenda Mpya. Folda bado haipo, ila sasa liko faili lenye jina hilo. Amri ikiwa ya namna isiyouliza, faili la pili litachukua jina la Mpya na kulifuta la kwanza. La tatu litalifuta la pili. Mafaili 20 yakihamishwa hivyo, mwisho hubaki moja tu, la 20, tena likiwa na jina lisilo lake.

Mnaona jinsi kosa dogo lilivyozaa kubwa. Folda isiyoundwa yenyewe si hasara, maana haikuwa na kitu ndani. Hasara imetoka katika kudhani kwamba imeundwa. Kwa hiyo atakayeiandikia zana hii maelezo na majibu asijiambie, "Hii ni zana ndogo, haifuti kitu." Ni kweli haifuti, lakini zana zifuatazo baada yake hutegemea neno lake.

5. MAMBO AMBAYO MAELEZO YAPASA KUYASEMA

Mwandishi mvivu huandika hivi: "Huunda folda." Maneno haya ni kweli, walakini hayamfai msomaji, kwani jina la zana limekwisha kuyasema. Maelezo mema hujibu maswali yafuatayo.

(a) Folda ikiwapo tayari, itakuwaje?

Zana yaweza kukataa, au yaweza kukubali kimya kimya. Njia zote mbili zina watetezi wake. Kwa wakala mara nyingi yafaa zana ikubali, kwa sababu wakala huweza kurudia hatua baada ya kukatizwa, na kurudia kusimletee kosa lisilo na maana. Lakini lililo la lazima ni kusema. Asiyejua kwamba kurudia ni salama ataogopa, naye ataanza kubuni majina mapya: matokeo-2, matokeo-mpya, matokeo-mpya-2. Baada ya juma moja kabati litakuwa limejaa majalada ambayo hakuna ajuaye lipi ni lipi.

Tena iko hali ya tatu ambayo wengi huisahau: huenda jina lile linatumiwa na faili, wala si folda. Hapo hata mkdir -p hukataa, na ni haki yake kukataa. Maelezo yaseme hivyo.

(b) Folda za juu zisipokuwapo, itakuwaje?

Hapa yatupasa kukaa kidogo, kwa maana upole wa zana una mtego. Wakala aliagizwa kutumia /kazi/shule/matokeo/2026, naye kwa kukosea akaandika /kazi/shule/matokeyo/2026. Zana kali ingekataa: "Hakuna folda iitwayo matokeyo." Kosa lingejulikana pale pale. Zana pole haikatai. Huunda matokeyo, huunda na 2026 ndani yake, kisha hutoa jibu la furaha. Toka siku ile shule ina folda mbili za matokeo, moja ya kweli na moja ya kosa la herufi, na alama za wanafunzi zagawanyika kati yao. Mwalimu atakapofungua folda ya kweli mwisho wa muhula, atakuta baadhi ya wanafunzi hawana alama.

Je, tuuache upole? Si lazima, maana wakala anayeanzisha kazi mpya yenye folda nyingi husaidiwa nao sana. Dawa yake ni mbili: maelezo yaseme wazi kwamba zana huunda folda za juu pia, na jibu litaje zipi zilizoundwa sasa hivi. Wakala akisoma, "Zimeundwa folda mpya 2: matokeyo, 2026," ana nafasi ya kushtuka, kwa kuwa alijua matokeo ipo tangu zamani.

(c) Njia ianzie wapi?

Njia inayoanza na mkwaju (/) huanzia mwanzo kabisa, na maana yake ni moja po pote. Njia isiyoanza hivyo, kama matokeo/2026, huanzia pale programu iliposimama, na wakala mara nyingi hajui imesimama wapi. Afadhali maelezo yadai njia kamili.

Iko na alama ya ~ ambayo watumiaji wa Unix huiandika kwa maana ya "folda yangu ya nyumbani". Alama hii hufasiriwa na programu ipokeayo amri za mtu. Zana ambayo haikufundishwa kuifasiri itaichukua kuwa jina la kawaida. Wakala akiomba ~/kazi, zana hiyo itaunda folda iitwayo ~ hapo ilipo, na ndani yake folda ya kazi. Kesho yake mtu ataiona ile folda ya ajabu na kutaka kuifuta. Akiandika amri ya kufuta, rm -r ~, kompyuta haitaifuta folda ile ya ajabu. Itaanza kuifuta nyumba yake yote! Alipaswa kuandika rm -r ./~ ili isomeke kuwa jina la hapa hapa. Sentensi moja katika maelezo, "Alama ya ~ haikubaliwi," ingezuia msiba huo, mradi zana yenyewe ifuate na kukataa kweli.

(d) Mipaka ni ipi?

Wakala asiachwe kutembea kompyuta nzima. Programu nzuri humwekea eneo, kwa mfano /kazi/shule, na kukataa njia yo yote iliyo nje. Maelezo yataje kwamba mpaka upo, na jibu la kukataa liutaje mpaka wenyewe, ili wakala asipoteze muda kugonga ukuta kwa kubahatisha.

Lakini hapa pia ahadi ni deni. Mwaka 2025 watafiti wa usalama walitangaza kasoro katika ile programu ya mfano ya mafaili niliyoitaja juu. Programu iliahidi kufanya kazi ndani ya folda zilizoruhusiwa tu, lakini iliupima mpaka kwa kutazama kama njia inaanza na herufi za folda iliyoruhusiwa. Kwa kipimo hicho, aliyeruhusiwa /kazi/shule aliweza kuingia hata /kazi/shule-siri, kwa sababu herufi za mwanzo ni zile zile. Walionyesha pia kwamba kiungo, yaani jina linaloelekeza mahali pengine, kiliweza kumtoa mtu nje ya mpaka. Kasoro hizo zilirekebishwa mwaka ule ule. Tunajifunza kwamba maelezo hayawezi kuwa bora kuliko kazi yenyewe. Aandikaye ahadi, na aende akapime kama inatimizwa.

(e) Majina gani hayakubaliwi?

Sehemu hii iwe fupi. Katika mafaili ya kawaida ya Linux jina moja la folda halizidi baiti 255. Windows hukataa alama kama * ? : na < >, na hukataa majina ya zamani kama CON na NUL. Tena kwa kawaida Windows haitofautishi Matokeo na matokeo, hali Linux huziona kuwa folda mbili. Ikiwa zana itatumika katika mifumo yote miwili, ushauri wa herufi ndogo, tarakimu na kistari watosha.

(f) Zana isitumike lini?

Swali hili husahauliwa kuliko yote. Kama iko zana ya kuandika faili ambayo huunda folda mama yenyewe, wakala aambiwe, asije akafanya kazi mara mbili. Na aambiwe kwamba zana hii si ya kutafutia. Atakaye kujua kama folda ipo atumie zana ya kuorodhesha. Kuunda folda ili kujua kama ilikuwapo ni kama kujenga nyumba ili kujua kama kiwanja ni kitupu.

6. MFANO WA MAELEZO

Nimeuandika kwa Kiswahili ili tufahamiane, lakini kanuni ni zile zile kwa lugha yo yote.

Jina: create_directory

Maelezo: Huunda folda katika njia uliyoitaja. Folda za juu zisipokuwapo, huziunda pia. Folda ikiwapo tayari, haibadilishi kitu, na hujibu kwamba ilikuwapo. Kwa hiyo kurudia ni salama. Jina likiwa linatumiwa na faili, hukataa. Hufanya kazi ndani ya /kazi/shule tu. Usiitumie kutafuta kama folda ipo, tumia list_directory. Kabla ya kuhamisha mafaili, soma jibu lake na uhakikishe folda ipo.

path: Njia kamili inayoanza na mkwaju. Alama ya ~ haikubaliwi. Mfano: /kazi/shule/matokeo/2026

Hesabuni maneno yake. Hayafiki hata mia moja. Kila sentensi imefunga tundu moja ambalo mtu angeweza kutumbukia. Msiongeze sifa kama "zana bora" au "zana ya kisasa". Sifa hazimwongozi mtu. Wala msijaze kurasa, kwa maana wakala hupewa zana nyingi pamoja, na maelezo marefu ya moja huyafunika ya nyingine.

Kanuni ile ya 2024 iliongezewa mwaka 2025 alama za kudokeza tabia ya zana: kama husoma tu, kama huharibu, kama kuirudia hakuongezi kitu. Zana yetu haisomi tu, haiharibu, na kuirudia hakuongezi kitu. Zijazeni alama hizo, lakini zisichukue nafasi ya maneno. Kanuni yenyewe huonya kwamba alama ni madokezo tu, na haifai kuyaamini yakitoka kwa mtu usiyemwamini.

7. JIBU LA ZANA

Tulisema kwamba mkdir ikifaulu hunyamaza. Kwa mtu, kimya chafaa. Kwa wakala hakifai, kwa kuwa kimya cha kufaulu na kimya cha kuharibika hufanana. Kila ombi lipate jibu la maneno, na majibu yatofautiane:

"Zimeundwa folda mpya 2: /kazi/shule/matokeo/2026, /kazi/shule/matokeo/2026/muhula-1."

"Hakuna kilichoundwa. Folda /kazi/shule/matokeo/2026 ilikuwapo tayari."

"Imeshindikana. Njia /kazi/siri iko nje ya mpaka. Mpaka ni /kazi/shule. Hakuna kilichoundwa."

"Imeshindikana. Diski imejaa. Folda ya 2026 imeundwa, lakini muhula-1 haikuundwa."

Tazameni jibu la nne. Kazi imefika nusu. Zana ambayo ingesema "imeshindikana" tu ingemfanya wakala adhani kwamba hakuna kilichobadilika. Jibu la kosa liseme mambo matatu: nini kimeshindikana, kwa sababu gani, na sasa hali ikoje. Na neno "imefaulu" lisitolewe mpaka programu yenyewe imetazama na kuiona folda.

8. KUPIMA MAELEZO

Ukimaliza kuandika, mpe maelezo yako mwenzako ambaye hajaiona programu. Mwulize maswali yale sita ya sehemu ya 5, naye ajibu kwa kuyasoma maelezo tu, bila kukisia. Swali akalolishindwa ndilo tundu lililobaki. Kisha mpe wakala kazi yenye mitego: njia yenye kosa la herufi, folda iliyopo tayari, faili lenye jina la folda, njia ya nje ya mpaka. Soma maombi yote aliyoyaandika. Akikosea mara mbili mahali pale pale, usikimbilie kumlaumu wakala; rudi ukayasome maneno yako. Na majaribio haya yafanyeni katika nakala, kamwe si katika mafaili ya kweli.

MWISHO

Wasomaji wapenzi, shuleni tunafundishwa kuandika barua ya ofisi kwa namna ambayo mtu asiyetujua, aliye mbali, ataweza kuifuata bila kuturudia na maswali. Maelezo ya zana ni barua ya namna hiyo hiyo. Msomaji wake hatutamwona, naye hataona tulichokiona. Hana budi kututegemea. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Lakini wakala mara nyingi hataturudia na swali. Basi tujibu kabla hajauliza.

MAZOEZI

1. Eleza kwa sentensi mbili tofauti ya mkdir na mkdir -p.

2. Mafaili 12 yalihamishwa moja moja kwenda "Picha", na folda ya Picha haikuwapo. Amri ya kuhamisha haikuuliza kitu. Yamebaki mafaili mangapi? Eleza sababu.

3. Maelezo ya zana fulani yasema: "Hufuta folda." Andika maswali matano ambayo hayakujibiwa, na ueleze ni lipi la hatari kuliko yote.

4. Programu inapima mpaka kwa kutazama herufi za mwanzo za njia. Mpaka ni /kazi/klabu. Taja njia moja iliyo nje ya mpaka ambayo programu hii itaikubali kwa makosa.

5. Andika maelezo ya zana ya kuhamisha faili, yasiyozidi maneno 80. Yaseme itakuwaje folda ya kupokelea isipokuwapo. Yabadilishane na ya jirani yako, kisha mpimane.